Platinamu na salfa: kompleksi za salfaidi na thayoleti, karibuni tujadili

MaalimWete

Assalaam aleikum wanajukwaa wa Unguja, Pemba na mlio nje.

Uzi huu naufungua kwa ajili ya vijana wa kemia wa hapa visiwani, hasa mnaohangaika kutafuta mada ya utafiti, ila yeyote anakaribishwa. Nataka tuzungumzie platinamu inapofungana na salfa, iwe salfaidi (salfa peke yake) au thayoleti (salfa yenye mkia wa kaboni). Skuli tukifika kwenye kompleksi (metali iliyoshikwa na molekuli au ioni zinazoizunguka, ziitwazo ligandi) tunasoma shaba na amonia, chuma na sianidi, halafu platinamu tunaipitia mbio kwa sababu ya dawa ya saratani. Salfa hatuigusi kabisa, na huko ndiko kwenye utamu.

Dai langu nalitoa mapema ili mpate pa kunishika. Katika kompleksi nyingi tulizofundishwa, metali ndiyo inayoshughulika, ligandi zipo pembeni zinaisindikiza. Kwenye salfaidi za platinamu kazi imehamia kwa salfa. Platinamu mbili zimeishika, unadhani yamekwisha, kumbe bado ina elektroni za kutoa na inamtafuta wa kumpa. Anayelielewa hilo hapati tabu kuelewa kwa nini platinamu inachimbwa ikiwa imeshikana na salfa, wala kwa nini sisplatini, hiyo dawa ya saratani, inaumiza figo za mgonjwa.

Tuanzie ardhini. Kuperaiti ni madini ambayo kwa sehemu kubwa ni PtS, na yanapatikana kwenye miamba ya Bushveld, Afrika Kusini, nchi inayoongoza duniani kwa platinamu. Ndugu yake ni bragaiti, yenye platinamu, paladiamu na nikeli pamoja na salfa. Hiyo ilitambuliwa mwaka 1932 kwa miale ya eksirei, ndiyo maana ikapewa jina la kina Bragg, baba na mwana. Kwa hiyo kabla mkemia yeyote hajashika chupa, ardhi ilikuwa imeshazikutanisha hizi mbili.

Sababu yake aliieleza vizuri Ralph Pearson mwaka 1963. Ioni ya Pt²⁺ ni asidi laini: ni kubwa, na wingu lake la elektroni linapindika kirahisi. Salfa nayo ni besi laini. Laini hupenda laini. Oksijeni ni ngumu, kwa hiyo Pt²⁺ ikiwekwa kati ya maji na salfa haichelewi kuchagua.

Na si jambo jipya. Mwaka 1903 Hofmann na Höchtlen walichanganya platinamu na polisalfaidi ya amonia wakapata [Pt(S5)3]²⁻, platinamu moja iliyozungukwa na mikanda mitatu, kila mkanda una salfa tano. Haina kaboni hata moja, lakini ina mkono wa kulia na wa kushoto, yaani maumbo mawili kama kitu na picha yake kwenye kioo, na mwaka 1978 Gillard na Wimmer waliitenganisha mikono hiyo. Kila nikiisoma hii napata raha upya, kwa sababu tumezoea kuambiwa mambo ya mkono wa kulia na kushoto ni ya kaboni.

Nasubiri maswali.

---

SonaraMkunazini

Maalim shikamoo. Mimi ni sonara, kemia yangu ni ya mkononi. Fedha naijua: pete ya fedha ukiiacha wazi inakuwa nyeusi, na tunajua ni salfa ya hewani. Platinamu nimeishika mara chache, watu wanaileta kwa ajili ya marekebisho, na haijawahi kubadilika rangi. Sasa unasema platinamu inaipenda salfa. Mbona pete haiwi nyeusi?

---

MaalimWete

Marahaba sheikh. Swali lako ni zito.

Tofauti ipo kati ya platinamu metali na ioni ya platinamu. Fedha ikiwa metali, hewa yenye hidrojeni salfaidi kidogo inatosha kuitoa elektroni na kuijengea ngozi nyeusi ya Ag2S. Platinamu metali haiachii elektroni zake hivi hivi kwenye joto la kawaida. Ukitaka PtS moja kwa moja inabidi uzipashe moto pamoja na salfa. Kwa hiyo pete ya mteja wako inabaki nyeupe.

Lakini usidhani metali yenyewe haiijui salfa. Atomu za juu kabisa za uso wake zinaishika salfa bila wewe kuona rangi yoyote ikibadilika. Hilo ni tatizo kubwa la magari: kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi kina platinamu, na mafuta yenye salfa nyingi yanaizuia isifanye kazi. Kwa macho ni ileile, ila nafasi zake za kufanyia kazi zimekaliwa.

Kwenye uzi huu nazungumzia platinamu ambayo imeshatolewa elektroni mbili, ikawa Pt²⁺. Hiyo haisubiri moto.

---

BintiTunguu

Maalim, mimi nipo mwaka wa tatu, kemia. Hiyo salfaidi yenye platinamu mbili inatengenezwaje? Na inaweza kufanyika hapa kwetu au ni mambo ya maabara kubwa tu? Halafu ile harufu ya salfa naiogopa kidogo.

---

MaalimWete

Binti, hapa nitakaa kidogo maana ndipo penyewe.

Unaanza na K2PtCl4, chumvi nyekundu. Asilimia 47 ya uzito wake ni platinamu, kwa hiyo hata kinachobaki kwenye karatasi ya kupimia kinakung'utwa. Ukiipa trifenilifosfini (PPh3, ligandi inayoshika kwa fosforasi) unapata cis-[PtCl2(PPh3)2], unga mweupe. Wengi hupitia kwanza kompleksi ya saiklooktadaini, [PtCl2(cod)], kwa sababu fosfini mbili zinaing'oa cod bila ubishi na bidhaa inatoka safi, ya cis, yaani ligandi zinazofanana zimekaa jirani.

Kisha unga huo mweupe unauweka kwenye benzeni, unatia sodiamu salfaidi yenye maji, Na2S·9H2O, kwa ziada, unakoroga. Weupe unapotea na rangi ya chungwa inajitokeza. Unachuja, unaosha kwa maji ili sodiamu kloraidi iondoke, kisha kwa ethanoli, kisha kwa etha. Unachobaki nacho ni [Pt2(μ-S)2(PPh3)4] (μ ni alama ya daraja kati ya platinamu mbili), masi yake takribani 1,503. Chatt na Mingos waliripoti ndugu yake mwenye fosfini ya dimethilifenili mwaka 1970, na mwaka 1971 Ugo na wenzake wa Italia wakaeleza hii ya trifenili.

Kuhusu sodiamu salfaidi, kwa hali ya hewa yetu uwe makini sana. Fuwele zake zinavuta unyevu, na masika hapa kopo likikaa wazi unakuta zimelowa na zimeota ngozi ya njano, kwa sababu oksijeni imeshaanza kuila. Zisuuze haraka kwa maji kidogo, zikaushe kwa karatasi, ndipo upime. Usipofanya hivyo unapima uchafu ukidhani ni salfaidi.

Na harufu. Wewe ukipita kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, tope jeusi likikanyagwa linatoa ile harufu ya yai viza. Ndiyo hiyohiyo hidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo pua inaiona mapema sana. Hatari ni kwamba ikizidi, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi na unaacha kuisikia wakati ndiyo inakuua. Kwa hiyo usiitegemee pua. Asidi isikaribie chupa ya salfaidi, na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kuvuta moshi, tena benzeni nayo inasababisha saratani. Pasipo na kabati linalofanya kazi, kazi hii haifanyiki. Hapo sina mjadala.

Sasa umbo lake. Kila platinamu imekaa bapa, ina fosfini mbili upande mmoja na salfa mbili upande wa pili. Bapa hizo mbili zinakutana kwenye mstari wa salfa na salfa, lakini hazilali sawasawa. Zinajikunja kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Kila salfa imetumia jozi mbili za elektroni kuzishika platinamu, na imebakiwa na jozi nyingine ambazo hazina mwenyewe. Hizo ndizo zinazofanya kila kitu nitakachokueleza.

Unga huu ukiutia kwenye methanoli hauyeyuki, unaelea tu, kioevu kizima kina ukungu wa chungwa. Tia methili ayodaidi, koroga, subiri. Ukungu unaanza kupungua, chembe zinakwisha moja moja, mwishowe chupa ina kioevu cha njano unachoweza kuona ng'ambo yake. Mabadiliko hayo ya macho ndiyo taarifa yako ya kwanza: salfa moja imeipokonya ayodini kundi lake la methili, na sasa una ioni chanya [Pt2(μ-S)(μ-SMe)(PPh3)4]⁺ inayoyeyuka. Ukitia chumvi ya NH4PF6, inashuka chini ikiwa chumvi safi.

Salfa ya pili je? Hiyo imepungukiwa hamu, kwa sababu molekuli nzima sasa ina chaji chanya na elektroni zimebanwa. Methili ayodaidi ya kawaida inasitasita. Ukitaka kuilazimisha unatumia dimethili salfeti, ambayo ni kali zaidi, na unapata [Pt2(μ-SMe)2(PPh3)4]²⁺. Faida yake nyingine ni kwamba salfeti haina tabia ya ayodaidi. Ayodaidi ikiwa nyingi inarudi kwenye platinamu na kuisukuma fosfini moja nje, na hapo bidhaa yako imeharibika. Dimethili salfeti ni sumu mbaya, inapenya ngozi, kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapewi.

Kama molekuli yenye halojeni mbili ina urefu unaofaa, salfa ya pili inakubali kwa sababu ncha ya pili imeshaletwa mlangoni. Unapata daraja linalotoka salfa hii kwenda ile.

Na sasa onyo nililotaka kulitoa tangu mwanzo. Daikloromethani tumeizoea, tunaiona kiyeyushi kipole. Kwenye salfaidi hii si kipole. Salfa inang'oa kloraidi mbili, kaboni inabaki katikati ya salfa mbili, na unga wako unavunjika kuwa [Pt(S2CH2)(PPh3)2] na [PtCl2(PPh3)2]. Yaani umerudi ulikotoka na umepata kitu ambacho hukukiomba. Kama umeyeyusha sampuli humo jioni, asubuhi unapima kitu kingine.

---

Kijana_Micheweni

Mashaallah. Maalim, kama hiyo salfa inashika kaboni, basi inaweza kushika metali nyingine pia?

---

MaalimWete

Naam, na hilo ndilo lililoifanya ipate umaarufu. Salfa mbili zikielekea upande mmoja zinakuwa ligandi yenye meno mawili. Ukiipa taliamu, risasi, zebaki, fedha, dhahabu au paladiamu, inazishika zote, kila moja kwa namna yake. Mfano paladiamu: [PdCl2(cod)] ikiwekwa humo, cod inaondoka na unapata pembetatu ya Pt, Pt na Pd iliyobanwa na salfa juu na chini. Dhahabu yenye fosfini yake inakaa kwenye salfa moja, na ukiongeza nyingine inakaa kwenye ile ya pili.

William Henderson wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, na Andy Hor wa Singapore walifanya kazi kubwa sana hapa, na mbinu yao naipenda kwa ajili ya watu wenye vifaa vichache. Badala ya kutengeneza gramu nzima kila mara, unachukua miligramu chache za unga wa chungwa kwenye methanoli, unatia chembe ya chumvi ya metali unayotaka kuijaribu, unaipeleka kwenye spektrometa ya masi ya elektrosprei, mashine inayopima uzito wa ioni. Ukiona kilele kipya, unajua kuna kitu, ndipo unakifanya kwa kiasi kikubwa. Salfaidi yenyewe ikipokea protoni inatokea karibu na 1,504. Ikipokea methili, karibu na 1,518. Na platinamu haijifichi: ina isotopu tatu nzito za 194, 195 na 196 zenye wingi unaokaribiana, kwa hiyo kila ioni yenye platinamu mbili inaonekana kwenye skrini ikiwa rundo pana la mistari. Ukilizoea rundo hilo hudanganyiki.

---

MzeeBububu

Maalim nimekusoma mwanzo mpaka hapa na nakupongeza kwa moyo. Lakini niseme la moyoni. Zanzibar hatuna mgodi wa platinamu wala kiwanda. Tuna karafuu, tuna mwani, tuna bahari. Vijana wetu ni wachache wanaofika mbali kwenye sayansi. Kwa nini tuwapeleke kwenye platinamu?

---

MaalimWete

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako naiheshimu na sitaipita juu juu.

Karafuu na mwani lazima vifanyiwe kazi, na wapo wanaofanya. Lakini dawa yenye platinamu inaingia kwenye mishipa ya watu wetu wanaovuka kwenda kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Hatuichimbi, lakini tunaichomwa. Nataka awepo Mzanzibari anayejua inafanya nini ikifika mwilini, si kwa kuambiwa tu.

Na nani kasema karafuu na platinamu havikutani? Mafuta yetu ya makonyo yanayokamuliwa kule Wawi yana yujeno kwa wingi. Yujeno ina kundi la OH. Kundi hilo ukilifunga na asidi ya kloroasetiki unapata esta yenye klorini kwenye ncha, pembeni kabisa ya kabonili (kaboni iliyoshika oksijeni), mahali ambapo salfa inang'oa klorini kwa urahisi. Kanuni inaruhusu kabisa molekuli ya karafuu ishonwe kwenye salfa ya platinamu mbili. Ningemwona kijana wa Pemba akiandika tasnifu yenye jambo hilo ningefurahi kuliko nilivyofurahia cheti changu mwenyewe.

---

MzeeBububu

Hapo sasa umenipata. Endelea.

---

Nesi_Pwani

Habari zenu. Mimi ni nesi, nimewahi kufanya kazi wodi ya saratani. Sisplatini tulikuwa tunaipa na maji mengi ya dripu yenye chumvi, kabla na baada, kwa ajili ya figo. Tulikatazwa kutumia sindano yoyote yenye alumini kwa sababu dawa inaweka masimbi meusi. Na wagonjwa wengine walikuwa wanalalamika masikio yanavuma, hawasikii vizuri. Tulifuata utaratibu lakini sababu ya ndani hatukuelezwa. Maalim, hivi vyote ni salfa?

---

MaalimWete

Dada, ahsante sana, umetuletea kitu kutoka kazini kwenyewe.

Alumini si salfa. Alumini inairudishia platinamu elektroni zake, platinamu inakuwa metali, na hayo ndiyo yale masimbi meusi. Dawa imekufa kwenye bomba.

Maji ya chumvi yana sababu mbili. Moja ni kuisafisha figo. Ya pili ni kloraidi. Sisplatini ina amonia mbili na kloraidi mbili. Kwenye damu kloraidi ni nyingi, takribani milimola 100 kwa lita, kwa hiyo zile kloraidi mbili zinabaki mahali pake. Ndani ya seli kloraidi ni chache sana, maji yanachukua nafasi zao, na hapo platinamu inaamka na kwenda kwenye nitrojeni ya guanini ndani ya DNA. Ndiyo kazi tunayoitaka, na Rosenberg aliigundua Michigan mwaka 1965 akichunguza bakteria kwenye umeme. Marekani waliiidhinisha mwaka 1978.

Lakini njiani kuna salfa kila pahali. Ndani ya seli kuna glutathioni, tena nyingi, kati ya milimola 1 na 10 kwa lita, na ina thayoli (salfa iliyoshika hidrojeni). Ikikutana na platinamu inatoa protoni na kuwa thayoleti, na platinamu ikishikwa hapo haitoki tena kirahisi. Seli za saratani zinazojaza glutathioni nyingi zinaweza kuizoea dawa kwa njia hiyo. Methionini nayo ina salfa, lakini ni thayoetha, haina chaji hasi. Inaishika platinamu haraka ila si milele. Baadaye guanini inaweza kuichukua. Kwa hiyo si kila salfa ni mwizi, nyingine ni mpokezi wa muda tu.

Figo zinaikusanya sisplatini, na seli zake zina protini zenye thayoli ambazo zinahitaji thayoli hizo ziwe huru. Platinamu ikizikalia, kazi inasimama.

Kuhusu masikio, hapa salfa ndiyo iliyokuja kuokoa. Sodiamu thayosalfeti inaishika platinamu na kuizima. Mwaka 2022 Marekani waliiidhinisha kuwapunguzia watoto hatari ya kupoteza kusikia kutokana na sisplatini, kwa wale ambao uvimbe haujasambaa. Inatolewa saa 6 baada ya sisplatini kwisha. Saa hizo zina maana kubwa: ukiitoa mapema mno unaizima dawa kabla haijafanya kazi kwenye uvimbe. Mpangilio wa nani anafika kwanza kwenye platinamu ndio unaoamua kama ni tiba au ni hasara.

---

UmmSalma

Samahanini jamani, mimi si mtu wa kemia. Mama yangu anachomwa dawa hizi. Nimesoma hapa nimeogopa. Kitunguu saumu kina salfa. Nimwachishe?

---

Nesi_Pwani

Pole sana mwenzangu, Mungu ampe shifaa. Usimwachishe chakula kwa kusoma jukwaani. Mgonjwa wa dawa hizi anahitaji kula, na hamu yenyewe inakuwa ndogo. Mwambie daktari wake kila anachotumia.

---

MaalimWete

Nakubaliana na nesi neno kwa neno. Chakula cha jikoni ni kitu kimoja, vidonge ni kitu kingine. Kitu ambacho daktari lazima akijue ni vidonge na virutubisho vya dukani, hasa asetilisisteini, ambayo ni thayoli yenyewe, na dawa zozote za miti shamba. Usianze wala usiache kitu bila yeye. Tunamwombea mama.

---

Kijana_Micheweni

Maalim, swali la maabara. Sisi hatuna mashine ya NMR, ile inayosoma atomu kwa sumaku. Nikiwa na unga wa platinamu wenye amonia mbili na kloraidi mbili nitajuaje ni cis (zinazofanana zikiwa jirani) au trans (zikitazamana)?

---

MaalimWete

Kijana, swali hili lilijibiwa mwaka 1893 na Nikolai Kurnakov, bila mashine yoyote, na alilijibu kwa salfa.

Chukua thayourea, iyeyushe kwenye maji ya moto pamoja na unga wako. Ukiwa ni cis, unapata rangi ya njano ya [Pt(tu)4]Cl2, thayourea nne. Ukiwa ni trans, unapata fuwele nyeupe za trans-[Pt(NH3)2(tu)2]Cl2, thayourea mbili tu.

Sababu yake chora kwenye karatasi uione. Thayourea kwanza zinachukua nafasi za kloraidi. Kwenye cis, kila salfa sasa inatazamana na amonia. Salfa ina nguvu kubwa ya kumlegeza aliye mkabala wake, jambo ambalo Ilya Chernyaev alilifanya kuwa kanuni mwaka 1926. Amonia zinalegea, zinaondoka, thayourea nyingine mbili zinaingia. Kwenye trans, salfa zinatazamana zenyewe kwa zenyewe, na amonia zinatazamana zenyewe. Hakuna wa kumlegeza amonia, anabaki.

Sasa rudi kwa nesi. Sisplatini ni cis. Salfa ya mwilini ikiikamata, inaweza kuisukuma hata amonia iliyokuwa imekaa imara. Jaribio la mwaka 1893 kwenye kikombe cha maji ya moto linakuonyesha kinachoweza kutokea ndani ya seli.

Thayourea ishike kwa glavu, inashukiwa kusababisha saratani.

---

BintiTunguu

Maalim, thayoleti umezigusa kwenye dawa. Na hizo zinatengenezwaje maabara? Je, nazo salfa yake bado ina kazi?

---

MaalimWete

Kutengeneza ni rahisi kuliko salfaidi. Chukua cis-[PtCl2(PPh3)2], tia thayoli na besi, mfano trietilamini, besi inapokea HCl, unapata [Pt(SR)2(PPh3)2]. Njia ya pili unaanza na platinamu sifuri, [Pt(PPh3)4], ukiipa disalfaidi RSSR inaukata uhusiano wa salfa na salfa na kuzichukua zote mbili.

Taabu ya thayoleti ni kwamba hazikai peke yake. Ikipata nafasi, salfa ya molekuli moja inashika platinamu ya jirani, daraja linajengwa, mara una kitu kisichoyeyuka. Dawa yake ni thayoli yenye meno mawili, kama benzeni-1,2-dithayoli. Meno mawili yakishashika platinamu moja, hamu ya kujenga madaraja inapungua sana.

Salfa bado ina kazi, ndiyo. Ukiipa methili ayodaidi inageuka thayoetha. Na ukiunganisha dithayoleti na dayimini (ligandi inayoshika kwa nitrojeni mbili) kwenye platinamu moja, unapata kompleksi zenye rangi nzuri zinazong'aa zikipigwa mwanga. Ila zikiachwa kwenye mwanga na hewa, oksijeni inakuja kukaa juu ya salfa, si juu ya platinamu. Connick na Gray walilieleza mwaka 1997. Salfa inageuka salfineti. Tazama tena: metali imetulia, salfa ndiyo imepokea mgeni. Kwa hiyo chupa zifungwe kwa karatasi ya alumini. (Dada nesi, hii ni nje ya chupa, haigusi dawa.)

Nyingine ni ya Stephen Lippard na wenzake, 1974: platinamu yenye teripiridini (ligandi inayoshika kwa nitrojeni tatu) na thayoleti moja, bapa kabisa, inajipenyeza katikati ya ngazi za DNA bila kuunga kifungo nayo. Thayoleti pale imekaa imara, haing'oki kumpisha DNA, na uimara huo ndio uliowawezesha kutofautisha kujipenyeza na kufungana.

Ukija kupata nafasi ya NMR, tazama fosforasi. Platinamu-195 ni asilimia 34 hivi ya platinamu yote na inazungumza na fosforasi, kwa hiyo kila kilele kinakuwa na masikio mawili kwa uwiano wa karibu 1:4:1. Umbali wa masikio ndio habari. Fosfini ikitazamana na kloraidi kwenye cis-[PtCl2(PPh3)2] umbali ni takribani Hz 3,670. Ikitazamana na salfaidi unashuka kwa mamia kadhaa, kwa sababu salfa imemlegeza. Nambari hiyo moja inakuambia nani yuko mkabala wa nani.

---

BintiTunguu

Nimeelewa, ahsante sana. La mwisho: nikishamaliza, mabaki nayapeleka wapi? Msimamizi wangu ananiambia hela ya platinamu tutapata mara moja tu.

---

MaalimWete

Humwagi hata tone. Weka chupa moja yenye lebo, kila maji ya kuchujia, kila karatasi, kila sampuli iliyoharibika inaingia humo. Ule unga wa chungwa ni asilimia 26 platinamu kwa uzito, kwa hiyo mabaki ya muhula mzima ni mtaji wa muhula unaofuata.

Viyeyushi unavivukiza, kisha mabaki makavu yanachomwa ndani ya kabati ili kaboni, fosforasi na salfa viondoke. Kinachobaki kinayeyushwa kwa asidi ya mfalme, yaani naitriki na haidrokloriki pamoja, kinavukizwa mpaka kiwe asidi ya kloroplatiniki, kisha unatia amonia kloraidi. Inashuka chumvi ya njano, (NH4)2PtCl6. Ukiipasha moto mkali unapata sponji ya platinamu ya kijivu. Ukitaka kuendelea na kazi, badala ya amonia tia potasiamu kloraidi, upate K2PtCl6, uirudishie elektroni kwa haidrazini iliyopimwa vizuri mpaka irudi K2PtCl4 nyekundu. Umefika tena ulikoanzia. Haidrazini apime msimamizi. Ikizidi unapata metali nyeusi.

Chumvi za kloroplatineti zina jambo lake: vumbi lake likivutwa linaweza kuleta mzio wa pumu, na mtu akishaupata hawezi tena kufanya kazi nazo. Zifanyie kazi zikiwa zimelowa, vaa glavu na barakoa, futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Ukipata spektra ya kwanza ya masi, itundike hapa tuisome pamoja. Anza na chumvi ya risasi, ni rahisi kupatikana na rundo lake la isotopu linaonekana vizuri.